Kitambaa cha Nyumba ya Tisa

Nyumba kumi na mbili zilisimama tupu, na hakuna aliyewaambia wageni wachukue ipi. Nyapara Kiprugut alibaki barabarani, mikono ameificha makwapani kwa baridi, akawaonyesha laini nzima ya nyumba kwa kidevu.

"Mnayotaka," alisema. "Zote ni zenu sasa."

Ulikuwa mwezi wa tano mwaka 1953, juu ya Njoro, pale mashamba ya pareto yanapopanda hadi kukutana na msitu wa Mau, na ukungu hauondoki mpaka jua liupige hasa. Wiki tatu nyuma malori yalikuwa yamekuja asubuhi moja yakawachukua Wakikuyu wote wa shamba lile, wazee kwa watoto, kwa sababu ya vita vya msituni. Mwenye shamba, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, akatuma watu upande wa Kericho kutafuta mikono mingine. Ndivyo Chepngeno alivyofika. Alikuwa na mwaka mmoja tangu aolewe, akimfuata mumewe Kemboi aliyeajiriwa kukamua ng'ombe, blanketi mbili kichwani, na mkononi kibuyu cha maziwa alichopewa na mama yake, chenye ukanda wa shanga za buluu shingoni.

Wakapita mlango baada ya mlango. Yote ilikuwa wazi, mingine ikipigapiga kwa upepo. Katika nyumba ya kwanza sufuria ilikuwa bado juu ya mafiga, maharagwe yameota kuvu. Katika ya nne palikuwa na kitana sakafuni, nywele zingali zimenasa menoni. Chepngeno alichungulia na kurudi nyuma kila mara, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wamelala.

Ya tisa peke yake ilikuwa imefungwa. Kamba ya katani ilizungushwa kwenye komeo na kukazwa kwa fundo ambalo Kemboi alihangaika nalo hadi kucha zikamuuma, mwisho akalikata kwa kisu. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Sufuria ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na kupinduliwa, na kuni zimepangwa ukutani, ndogo mbali na kubwa mbali.

"Twende ingine," Kemboi alisema.

"Kwa nini? Hii ndiyo safi."

"Ndiyo maana. Mtu anaambiwa atoke, lori linanguruma nje, halafu anashika ufagio? Alikuwa anamfagilia nani?"

Chepngeno alikuwa na miguu iliyovimba tu, na hamu ya kuketi. Wakaingia.

Siku ya nne, alipokuwa akiziba nyufa za ukuta kwa matope, kidole chake kiligusa karatasi. Katikati ya fito, karibu na kitanda, palikuwa na kifurushi cha karatasi ya buluu, ile inayofungia sukari. Akakivuta. Ndani mlikuwa na kitambaa cha marikani, upana wa shubiri mbili na urefu wa mikono miwili, kimekunjwa vizuri, na sindano imechomekwa pembeni ikiwa na uzi mwekundu ambao haukuwa umekatwa.

Moyo wake uliruka, na si kwa hofu. Watu wengine hupenda ugoro, wengine hupenda umbea. Chepngeno alipenda sindano. Alijifunza kutarizi misheni, upande wa Litein, kwenye vipande vya gunia la unga vilivyooshwa mpaka herufi zikafutika, na tangu hapo hakuna nguo yake iliyobaki bila ua au ndege. Nyuzi zilipoadimika alifumua fulana kuukuu. Basi alikitandaza kitambaa mapajani, kwenye mwanga wa mlango, akakitazama kama mtu mwingine atazamavyo nyama.

Ilikuwa ni barabara. Mwisho wake mmoja palisimama lori, na kuelekea kwenye lori walikwenda watu, mmoja nyuma ya mwingine. Wa kwanza alibeba mlango wa nyumba mgongoni. Aliyefuata alikumbatia kuku, wa tatu jiwe la kusagia. Sita walikuwa wameshonwa tayari kwa nyekundu, nyeusi na kijani kibichi, na waliobaki walikuwa wamechorwa kwa penseli tu, wakisubiri uzi. Wote walikuwa wamempa mgongo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso.

Chepngeno alikigeuza kitambaa upande wa pili bila kufikiri. Alikuwa ametarajia kuziona nyuso zao. Lakini upande wa pili pia ulikuwa ni migongo. Mishono ilifanana pande zote mbili, hapakuwa na fundo wala mkia wa uzi.

Alhamisi alikwenda nacho klabu.

Klabu ilikuwa ni wanawake saba au wanane waliokutana kila Alhamisi alasiri ndani ya stoo ya pareto, wakikalia masanduku, na harufu kali ya maua makavu ikiwawasha pua. Memsahib, mke wa Bwana Kofia, aliwaletea nyuzi na michoro ya maua ya kwao ambayo hakuna hapo aliyewahi kuyanusa. Alikuwa mama mwembamba, mwenye wasiwasi, aliyeshona akiwa na bastola kiunoni na mkasi mdogo wa nyuzi shingoni, kwa kuwa wakati ule kila Mzungu alitembea na silaha. Lakini mwalimu wa kweli alikuwa Milcah, mke wa Owuor fundi wa trekta. Milcah alikuwa ameishi miaka minane katika landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli Nakuru, ambako wake za makarani na makuli walibadilishana mishono kama watu wengine wanavyobadilishana chumvi. Alijua mshono wa mnyororo, wa shina, wa msalaba, na ule wa vifundo vidogo vya kutia mbegu katikati ya ua. Alijua kuwa uzi mwekundu uchovywe kwenye maji ya siki kabla ya kushonea, usije ukachuja. Hakuwa mchoyo wa haya yote.

Milcah alikipokea kitambaa, na jambo la kwanza alilofanya ni kukigeuza. "Mshonaji humjui kwa uso wa kitambaa," alipenda kusema, "unamjua kwa mgongo wake." Safari hii alikipeleka karibu na dirisha. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono, akarudi, akapitisha tena.

"Huu ni mnyororo," alisema mwisho, "lakini kila pete imepindwa kabla haijafungwa. Sijawahi kuuona. Umetoa wapi?"

"Ndani ya ukuta. Nyumba ya tisa."

Memsahib aliinua kichwa. Alinyosha mkono, akakitazama, na rangi ikamtoka usoni.

"Wachuka," alisema. Kisha kwa Kiswahili chake cha kukatakata: "Yeye kaa hapo. Kwa sanduku hiyo."

Alikuwa anaonyesha sanduku ambalo Chepngeno alikuwa amelikalia.

Memsahib alirudisha kitambaa haraka, kama chungu chenye moto, na baadaye Milcah alimshika Chepngeno mkono wakiwa njiani. "Dada, kirudishe ukutani. Kazi ya mtu aliyeondoka hivyo haimaliziwi na mwingine."

"Nataka huo mshono tu. Nikiujua nitakirudisha."

Na alisema kweli, wakati ule.

Wiki mbili alijaribu kwenye kipande cha gunia. Alifumua pete moja ya Wachuka polepole kwa ncha ya sindano, aone uzi unapita wapi, akairudishia, akafumua nyingine. Kila alipojaribu yake, pete ililala kinyume, kama nyasi iliyokanyagwa. Siku moja alasiri, Kemboi yuko malishoni, alichoka akahamishia sindano mkono wa kushoto ili anyoshe vidole vya kulia. Sindano ikaingia kwenye nguo. Pete ikapinda, ikafunga, ikakaa. Nyingine ikafuata. Alikuwa ameshona urefu wa kidole kizima kabla hajashtuka.

Chepngeno hakuwa wa mkono wa kushoto. Kwao mtoto aliyenyosha wa kushoto alipigwa kofi, na tangu utotoni mkono ule ulikuwa wa kushikilia tu. Sasa ulikwenda wenyewe, kwa haraka kuliko wa kulia ulivyowahi kwenda, na yeye alikaa akiutazama.

Hapo ndipo alipokiacha kipande cha gunia na kukirudia kitambaa chenyewe. Alimshona mzee aliyebeba kiti kichwani. Alimshona msichana mwenye taa. Alipotazama baada ya wiki hakuweza kuona Wachuka alipoachia na yeye alipoanzia, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko lilivyopaswa.

Kemboi ndiye aliyeona la pili. Alirudi mchana akakuta mkewe ametoka kuteka maji, na mlango umefungwa kwa kamba. Alipofika, Chepngeno alimkuta amesimama mbele ya komeo, hajaligusa.

"Nani amekufundisha fundo hili?"

Alitazama. Lilikuwa ni lile ambalo Kemboi alilikata kwa kisu siku waliyofika.

"Sijui," alisema. "Nilifunga tu." Na alipotaka kulifungua kwa mkono wa kulia hakuweza, ilibidi atumie wa kushoto.

Siku ya ukungu mzito aliingia stoo akiwa wa kwanza, akaketi kwenye sanduku lake akaanza kushona. Memsahib akaingia nyuma yake. "Wachuka?" aliita, kwa sauti ndogo, mkono umekwenda kiunoni. Chepngeno alipogeuka, yule mama alitoka bila kuaga. Alhamisi mbili hakuja.

Ulibaki mwisho wa mstari. Mtu wa mwisho kwenye mchoro alikuwa mbali kidogo na wenzake, mwanamke mrefu aliyevaa tofauti na wengine, na mkononi ana kibuyu. Chepngeno alikiona kibuyu tangu siku ya kwanza, ila mtu huona kitu bila kukitazama. Alipofika kwake na sindano ndipo alipotazama. Hakikuwa kibuyu cha Kikuyu. Kilikuwa kirefu, chembamba, na mfuniko wa ngozi, na shingoni penseli ilikuwa imechora ukanda wa vitone vidogo vidogo, kama shanga.

Na pembeni mwa yule mwanamke palikuwa na mtoto. Huyu Chepngeno hakuwa amemwona kabla. Mstari wake ulikuwa hafifu, kama mkwaruzo wa ukucha; mvulana wa miaka miwili hivi, ameshika kikombe kwa mikono miwili, amegeuka upande. Alimwonyesha Milcah pale dirishani stoo.

Milcah aliinama, akakunja uso. "Wapi?"

"Hapa. Si huyu?"

"Mwanga ni mbaya," Milcah alisema, akaondoka dirishani.

Aliwashona wote wawili. Kwa shanga alitumia uzi wa buluu, maana rangi nyingine isingefaa. Kwa mtoto alitia kifundo kimoja kidogo cheusi, kiwe jicho. Alikuwa mtu pekee kwenye kitambaa kile mwenye jicho. Alimaliza siku ya Jumanne, mwezi wa tatu mwaka 1954.

Jumatano asubuhi, kabla ukungu haujainuka, alisikia mngurumo.

Alikuwa mlangoni, ametoka kumimina maziwa ndani ya kibuyu ampelekee Kemboi kwenye boma la ng'ombe. Lori lilisimama barabarani. Tayari palikuwa na watu wakitembea kulielekea, Wakikuyu wachache waliokuwa wamefichwa na shamba la jirani. Aliwaona kwa nyuma tu. Mmoja alikuwa mzee, na amebeba kiti kichwani.

Askari asiyemjua alikuja akihesabu milango kwa karatasi. "Nyumba ya tisa," alisoma. "Wachuka."

"Mimi si Wachuka."

"Wewe nani?"

"Chepngeno. Bibi ya Kemboi."

"Hapa imeandikwa Wachuka, nyumba ya tisa. Toka."

Alisema lugha yake, akasema na Kiswahili, akaita jina la nyapara. Askari alimsukuma begani bila hasira yoyote, kama mtu anayesukuma ng'ombe kwenye josho. Akatembea. Katikati ya barabara aligundua kwamba alikuwa wa mwisho kwenye mstari, mbali kidogo na wenzake, na kibuyu kiko mkononi. Alijua kila mtu aliye mbele yake. Alikuwa amewashona.

Ndani ya lori walikaa sakafuni. Mbele yake mama mmoja alikuwa na mtoto aliyelia kwa sauti kavu, na mtoto yule alikitazama kibuyu, akalia, akakitazama tena. Chepngeno alikikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Hakumtazama mtoto. Alitazama mbao za lori hadi wakafika chini, penye reli.

Hapo Kiprugut aliwakuta, jasho likimtoka, amekanyaga baiskeli ya Bwana Kofia kwa njia ya mkato. Maneno yalikuwa mengi. Mwisho askari alichukua penseli, akapiga mstari kwenye karatasi, akamwambia Chepngeno ashuke.

"Karatasi ya zamani," Kiprugut alimwambia, akikwepa kumtazama machoni. "Wamekosea tu, dada. Ni makosa ya karatasi."

Aliukataa usafiri wa baiskeli. Alipanda kilima kwa miguu saa mbili nzima, maziwa yakisukasuka kibuyuni. Alipofika alifunga mlango kwa ndani, akachukua sindano, akamfumua yule mwanamke kuanzia kichwani hadi miguuni. Uzi wa buluu aliutupa motoni. Alipofika kwa mtoto mkono ulisita. Kile kijicho kilikuwa kinatazama juu, pale alipokuwa yule mwanamke, na sasa hapakuwa na kitu isipokuwa matundu ya sindano. Akamwacha. Aliosha kitambaa kwa sabuni hadi mistari yote ya penseli ikatoka, akakikausha, akakikunja kwenye karatasi yake ya buluu, akakirudisha ukutani na kuziba kwa matope. Akamwambia Milcah kimeliwa na panya.

Miaka ikapita. Chepngeno alizaa msichana, Jerop, kisha mvulana. Aliendelea kwenda klabu, akashona maua ya Memsahib kwa mkono wa kulia, mshono wa kawaida. Wa kushoto aliukalia. Wakati mwingine, akimenya viazi, aliukuta ukizungusha vidole peke yake hewani.

Mwishoni mwa mwaka 1959, sheria za kuwazuia watu kutembea zilipolegea, mwanamke mmoja alipanda kutoka stesheni ya Njoro mchana kweupe. Alikuwa wa makamo, mnene kidogo, amejifunga leso safi kichwani. Alipita nyumba nane bila kutazama. Kwenye ya tisa alisimama.

"Hodi, watu wa hapa."

Chepngeno alikuwa akianika mahindi. Alimtazama mkono. Mgeni alikuwa ameshika kikapu kwa mkono wa kushoto.

"Karibu, mama," alisema.

"Asante, mwanangu. Niliishi hapa. Niite Mama Kahiga, watu bado wananiita hivyo. Jina langu ni Wachuka." Alitabasamu kwa aibu. "Niliacha kitu ndani ya ukuta. Kama panya hawajakula, na wewe ukikubali, naomba nitazame."

Chepngeno alibomoa matope yeye mwenyewe. Wakaketi mlangoni, kitambaa kikatandazwa juu ya mapaja yao wote wawili.

Wachuka alikitazama kwa muda mrefu, kutoka lori kwenda nyuma. "Nani aliwashona hawa wa huku?"

"Mimi, mama. Nisamehe."

"Sijui mkono wangu uliishia wapi," alisema taratibu. "Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

Wachuka hakubisha. Chepngeno alikusanya nguvu akauliza swali lililomkaa moyoni miaka sita. "Mama, ulijuaje? Ulichora lori kabla lori halijaja. Ulinichora mimi kabla hujaniona."

Mgeni alimgeukia, ameshangaa. "Nikuchore wewe? Hii si ya hapa, mwanangu. Hii ni ya Olenguruone. Serikali ilitutoa kule tukapelekwa Yatta, miaka kabla ya haya mengine. Huyu mwenye mlango ni baba yangu, alikataa kuuacha. Huyu mwenye kuku ni dada yangu. Mimi sijui kuandika. Nilichora nisisahau."

"Na aliyekuwa na kibuyu?"

"Yuko wapi?" Wachuka alishika ncha ya kitambaa. Vidole vyake vilipita juu ya matundu. "Nilimchora hapa. Alikuwa wa watu wako, Mkipsigis, jirani yetu wa ng'ambo ya mto. Lori lilipoanza kwenda polepole kwenye tope alitufuata kwa miguu na maziwa, akichechemea, alikuwa na mguu mmoja mbovu. Watu wote walikuwa wametupa mgongo siku ile. Yeye peke yake ndiye aliyekuja. Hata jina lake sikuwahi kumwuliza. Ndiyo maana nilimweka mwisho, nimshone nikiwa nimeupata mkono vizuri."

Chepngeno angeweza kutaja panya. Badala yake alisema yote: askari, karatasi, lori, jinsi alivyomfumua. Na kisha lile ambalo hata Kemboi hakulijua.

"Kulikuwa na mtoto ndani ya lori, mama. Alikuwa na njaa. Kibuyu kilikuwa kimejaa, na sikumpa hata tone."

Upepo ulipita kwenye mahindi. Wachuka hakusema kwamba si kitu, wala hakusema umefanya vibaya. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, kidole chake kimesimama mahali pamoja.

"Huyu nani?"

Alikuwa ni yule mtoto mwenye kikombe.

"Ni wako. Ulimchora wewe, pembeni ya yule mama."

"Sikumchora."

"Alikuwepo, mama. Mstari wa penseli, hafifu. Niliufuata."

"Sikumchora," Wachuka alirudia. "Nilijaribu huko Yatta, nikajaribu hapa, sikuweza. Kila nikishika penseli, mkono ulikataa." Alimgusa yule mtoto kwenye mikono yake miwili, halafu kwenye jicho. "Yule mama alimpa maziwa kwa kikombe, pale barabarani. Alikishika hivi. Hakuwahi kushika kikombe kwa mkono mmoja. Homa ilimchukua hata mwezi haujaisha. Huyu ni Kahiga."

Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wakidonoa miguuni pao, na nywele za shingo ya Chepngeno zilikuwa zimesimama kama za mtu aliye gizani. Wachuka hakuwa analia. Alikuwa amemwinamia mtoto yule, akimchunguza, kama mama anayeangalia kama mwanawe amenawa uso vizuri.

"Una uzi wa buluu?" aliuliza mwishowe.

"Ninao."

"Basi mrudishe yule mama. Mtoto asimame peke yake namna hii? Mimi macho yangu hayapati tundu la sindano siku hizi. Nitakuambia alivyokuwa."

Alikaa siku mbili, akala kwao, akalala na Jerop. Chepngeno alifuata matundu yake mwenyewe, na Wachuka akiwa ubavuni akimwelekeza: mguu huu uwe mfupi, bega hili lishuke, shingo ndefu kidogo. Kemboi aliingia na kutoka. Siku ya tatu Wachuka alikunja kitambaa, akakiweka chini kabisa ya kikapu, na Chepngeno akamsindikiza hadi stesheni. Hawakuonana tena, ila zilifika salamu kwamba kitambaa kiko ukutani kwake, upande wa Bahati.

Kuhusu ule mstari wa penseli, Chepngeno hakuwahi kubadili neno. Miaka mingi baadaye, Milcah akiwa mjane anayeuza vitambaa sokoni Nakuru, walikuwa bado wakitembeleana, na bado wakibishana.

"Ulikuwepo, Milcah. Nilikuonyesha."

"Ulinionyesha," Milcah angesema, akilamba uzi apitishe kwenye sindano. "Nikatazama. Nikakuambia mwanga ni mbaya kwa sababu nilikuogopa. Dada, dirisha lile lilikuwa na jua tele, na pale mahali hapakuwa na kitu. Palikuwa na marikani nyeupe."